Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili na nusu simu inalia,
magoti kwenye saruji baridi,
kisha uji, kisha pasi, umeme ukikubali.
Ravelo, mwenzangu, mtoto wa Antsirabe,
anaimba chinichini kwa lugha ya kwao
akitafuta soksi ya pili.
Kanuni ni tusiachane:
hata kiberiti tunakwenda kununua wawili,
kama ng'ombe wa nira moja.

Kifuani nina kibao cheusi, MZEE MWAKALINGA.
Mzee! Na ndevu zangu bado zinahesabika.
Watoto wa Kaptembwo wamenibatiza
kabla mimi sijambatiza mtu:
"Mwaka-gani! Mwaka-gani!"
Nawajibu: mwaka huu, mwaka huu huu.

Nilidhani lugha nimekuja nayo.
Siku ya kwanza dukani nikasema, "Naomba maji."
Mwenye duka akanitazama shati hadi viatu.
"Wanaoomba wako kanisani. Hapa tunauza."
Nikampa shikamoo,
akageuka kuona ni nani ninayemsalimia.
Ravelo, aliyejifunza Kiswahili daftarini,
husema "nipe", akapewa.

Kwetu Tukuyu mvua haipigi hodi.
Hapa vumbi ndilo mwenyeji,
linakaa kwenye kola, kwenye meno,
kati ya kurasa za Mathayo.
Shati jeupe linatoka nyumbani na imani,
saa nne limeshakana.

Milango naijua kwa rangi.
Wa bluu una mbwa.
Wa kijani una sauti inayosema, "Mama hayupo,"
na sauti ni ya mama mwenyewe.
Wa kahawia uko ghorofa ya nne,
kwa Kwamboka, mshonaji wa sare za shule.
Alitusikiliza sentensi moja na nusu,
pini zikiwa mdomoni.
Akazitoa. "Dini ninayo," akasema. "Maji sina."

Basi kila Jumanne tukawa watu wa mitungi.
Lita ishirini mkono huu, ishirini mkono huu,
ngazi sitini na nane, tai imetupwa begani.
Kitabu hakuwahi kuturuhusu tukifungue.
Jumapili jioni tunajaza ripoti:
waliofundishwa, sufuri;
waliokubali kuja, sufuri.
Safu ya mitungi haimo.

Jumatatu ni siku ya kufua na kupiga simu.
Nilikuwa na povu hadi viwikoni
mama aliponiambia, polepole,
kama mtu anayetembea gizani nyumbani mwake:
Bibi tulimzika Alhamisi.
Tulikuficha, mwanangu, usije ukaiacha kazi.
Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.
Nikarudi kwenye beseni
nikafua shati ambalo nilikuwa nimeshalifua.

Jumanne, ghorofa ya tatu, miguu ikagoma.
Nikakaa juu ya mtungi.
Ravelo akasimama kando, akitazama ukuta,
kwa kuwa daftari lake halikuwa na neno la hapo.
Kwamboka alishuka na futi yake shingoni,
pengine kuuliza maji yamekwama wapi.
Akaniona. Akapanda tena.
Akarudi na turungi, sukari nyingi mno.

"Nani?"
"Bibi."
"Alikuwa anaitwa nani?"

Miezi kumi na moja nimezunguka mji huu
nikibisha, nikitaja Jina moja,
na hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mtu wangu.
"Tusajigwe," nikasema.
"Tusajiku..."
"Tusajigwe."
"Tusajigwe," akasema, sawasawa,
vizuri kuliko wanavyolitamka langu.
Akaketi kwenye ngazi na gauni lake zuri,
hakuongeza kitu.
Juu, redio yake ilikuwa ikitangaza bei ya viazi.

Chini ilibaki mitungi miwili,
mmoja umejaa, mmoja nusu.
Ravelo alitangulia kushuka, mbio,
akauwahi uliojaa.